Kaimati, mbwa wa kazi mbili

Shilingi 9,500 zilinitoka kabla sijamgusa mbwa hata mmoja. Naanzia hapo kwa sababu kila anayeniona na Kaimati ufukweni huuliza lilelile, umempata wapi na ni pesa ngapi, nami kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu nusunusu kwa aibu.

Aliyeanza ni mwanangu. Ana miaka kumi na mmoja. Babake ni baharia, mwaka mzima tunamwona miezi mitatu tu, na mimi nashinda ofisi ya kliaringi ya mizigo karibu na bandari ya Mombasa, nikifika Kisauni magharibi imeshaadhiniwa. Jumapili moja tulikuwa Nyali, tukamwona mbwa wa kahawia mwenye masikio marefu akifukuzia mpira majini. Anaogelea, anaudaka, anaurudisha hadi miguuni mwa mwenyewe, kisha anaketi kama mwanafunzi anayengoja kusahihishiwa. Mwenyewe akatwambia ni chotara, babake Labrador, mamake spanieli. Basi. Nyumbani hakukusemwa jingine wiki mbili nzima.

Nikatafuta kwenye simu, nikapata haraka mno. Picha nzuri, bei 20,000, "ana karatasi zake zote", yuko Nairobi, atatumwa kwa basi la usiku. Nikatuma arubuni 7,000. Kesho yake nikaombwa 2,500 za sanduku la kusafiria, nikatuma. Kesho kutwa nikaombwa 3,000 za chanjo ya safari, na pengine ningetuma tena, isipokuwa mwanangu alikuwa ameikodolea macho ile picha siku tatu, akiikuza na kuipeleka huku na huku. Akaniuliza, "Mama, Nairobi kuna theluji?" Nyuma ya kijibwa palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha palikuwa peupe pe. Nikapiga simu, mteja hapatikani. Nikapeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, zilikuwa zimeshatolewa.

Ile habari ya karatasi ndiyo ingenizindua mapema kama ningekuwa najua. Vyama kama East Africa Kennel Club huandikisha mbwa wa ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi. Chotara wa Labrador na spanieli hana cheti cha ukoo safi cha kuonyesha, hata awe mzuri vipi. Karatasi yake ni moja, kadi ya chanjo, yenye tarehe na muhuri wa daktari wa mifugo. Anayekuuzia chotara na "karatasi za ukoo" ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Niliyempata kweli nilimpata kwa mdomo. Nilikwenda duka la dawa za mifugo kununua dawa ya kuku wa mama yangu, nikamsimulia muuzaji masaibu yangu, akacheka, akasema, "Dada, ungekuja hapa kwanza." Anayeuza dawa ya minyoo anajua ni jike lipi limezaa, maana watoto wote hupitia kwake. Akanipa namba ya mzee mmoja Ukunda anayetunza nyumba ya wageni Diani. Jike la spanieli la hapo nyumbani lilikuwa limezaa na dume la Labrador la nyumba ya pili.

Tulikwenda Jumamosi. Watoto walikuwa saba chini ya mkorosho, na hapo ndipo nilipoelewa maana ya chotara. Walikuwa wa tumbo moja lakini ungedhani wameokotwa sehemu saba. Wengine manyoya yamelala kama ya mbwa wa baharini, wengine wana mawimbi masikioni na miguuni, mmoja mguu mnene wa Labrador, mwingine mwembamba wa kike. Ukiambiwa "atakuwa hivi na hivi", ujue ni kukisia tu. Labrador mkubwa hufika kilo 25 hadi 36, spanieli aina ya koka ni karibu nusu ya hapo, na mtoto anaweza kuangukia popote katikati.

Mama yao alikuwa mweusi, baba wa rangi ya mchanga, na mwanangu alishamkumbatia wa kahawia. Kwa kuwa nilishatapeliwa mara moja, nikaanza kumshuku mzee wa watu: kahawia imetoka wapi? Daktari alinieleza baadaye kwamba rangi hiyo inaweza kujificha kwa wazazi wote wawili ikatokea kwa mtoto. Mzee alikuwa mkweli. Mwenye makosa siku ile nilikuwa mimi, na yalikuwa matatu.

La kwanza, nilimchukua aliyetukimbilia kwanza, aliyekuwa akiwapanda wenzake vichwani na kung'ata kamba za viatu. Nilidhani ametupenda. Kumbe hivyo ndivyo alivyo kwa kila kitu. Yule aliyekuja, akanusa, akatulia ndiye angefaa nyumba ya vyumba viwili. La pili, alikuwa na wiki saba. Ningengoja atimize nane, azidi kufundishwa adabu na mamake na nduguze, maana kung'ata kwake kulitutoa damu miezi miwili. La tatu, babake nilimwona juu ya ua tu, kichwa na ulimi. Sikuomba atolewe nje nimwone akitembea. Hilo la tatu nimelilipa ghali kuliko yote, nitafika huko.

Mzee alitaka 18,000, tukapatana 15,000, na kadi yenye chanjo ya kwanza. Tukamtia kwenye kikapu cha ukili, tukapanda matatu hadi Likoni. Makanga alimtoza nauli ya mtoto. Kwenye feri tulikuwa tumebanwa kama kawaida ya Likoni saa kumi na moja jioni, mara kichwa kikachomoza kikapuni. Waliokuwa karibu wakavuta buibui na kanzu zao, wakarudi hatua, na ikapatikana duara safi kutuzunguka. Miaka yote ninayovuka Likoni, siku hiyo ndiyo niliyopata nafasi ya kunyoosha mikono. Nilicheka, lakini ilinipasa nifikirie ujumbe ule kabla ya kufika nyumbani.

Maana sikuwa nimemwambia mtu. Mkataba wangu wa kupanga haukutaja mbwa, nami nikakuona kutotajwa huko ndiyo ruhusa. Mwenye nyumba aliona tofauti. Nilipona kufukuzwa kwa kuongeza amana ya 5,000 na kuahidi kuinua ukuta. Na jirani yangu, Bi Mkubwa, tunayetenganishwa naye na ukuta wa kiunoni, alimwona kijibwa kwa mara ya kwanza akiwa juu ya leso yake iliyoanguka kambani.

Nikaenda kumwomba radhi na leso mpya. Aliipokea, akanikalisha barazani, akasema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mbwa. Nina ugomvi na mate yake." Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto wa madrasa: mate ya mbwa ni najisi kwa madhehebu yao ya Shafii, kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na mbwa wa kulinda, wa kuwinda au wa mifugo ameruhusiwa kufugwa. "Huyo wako analinda nini?" Nikasema atalinda nyumba. Wakati huo huo Kaimati alikuwa amelala chali mbele ya kijana wa maji asiyemjua, akitaka kukunwa tumbo. Bi Mkubwa akamtazama, akanitazama mimi, hakusema kitu. Kama unataka mlinzi, usinunue mchanganyiko huu.

"Na jina hilo," aliniambia nilipoinuka, "mbwa na kaimati wapi na wapi? Ramadhani nitazilaje?" Nilichelewa kufikiri. Alikuwa mviringo na kahawia, mwanangu akampa jina la kilichokuwa kwenye sahani.

Miezi mitatu ya kwanza tulifuata chanjo kama tulivyoelekezwa, kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa alipofika miezi mitatu. Hiyo ya kichaa hurudiwa kila mwaka, na akikung'ata mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Tulimzuia asikanyage chini nje mpaka chanjo ziishe, kwa kuogopa parvo, inayoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu. Hilo tulilifanya vizuri. Tulilokosa ni kumchosha.

Alikula kandambili sita. Alikula kona ya godoro. Alipofika miezi saba alikuwa akisimama mlangoni saa tatu nzima akiwatazama kunguru, mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, mwili unatetemeka. Kunguru wa Mombasa mnawajua, wanajua kumchokoza mtu. Walikuwa wanatua ukutani makusudi.

Kisha ikaja Jumamosi ya kuku. Nilikuwa jikoni nasukuma chapati. Nikasikia kuku wa Bi Mkubwa wanapiga kelele, halafu kimya, kimya kibaya kile. Kaimati akaingia kwa mlango wa uani akitembea polepole, kichwa kimeinuliwa, amembeba kuku mdomoni. Kuku macho wazi. Akamweka miguuni pangu juu ya sakafu, taratibu kama mtu anayetua trei ya mayai, akaketi. Kuku akasimama, akajikung'uta, akaanza kudonoa unga ulioanguka. Hakuwa na jeraha wala tone la damu, ila amelowa mate kuanzia shingo hadi mkia.

Bi Mkubwa alikuwa ameshafika ukutani, mwiko mkononi. "Yu hai?"

"Yu hai, Bi Mkubwa."

"Ana jeraha?"

"Hana."

"Basi ameshakuwa wenu. Na magoti yangu haya nimwoshe kuku mara saba?"

Mwanangu akajitolea. Aliketi na beseni uani, akaosha, akihesabu kwa sauti Bi Mkubwa asikie, ya kwanza kwa udongo aliouchota chini ya mwarobaini. Kufikia ya nne kuku alikuwa ameshasalimu amri, amelegea kama nguo. Alipofika saba, Bi Mkubwa akasema kazi ni nzuri, lakini kuku hamtaki. Nikalipa 900.

Nilimsimulia daktari wa mifugo nikitaka dawa ya ukali. Alicheka hadi akavua miwani. "Umeajiri wafanyakazi wawili," akasema, "hukuwapa kazi, wamejitafutia wenyewe." Hapo ndipo nilipofundishwa nilichopaswa kujua kabla ya kwenda Ukunda. Wahenga wa Labrador walikuwa mbwa wa wavuvi kule Newfoundland, Kanada, wakisaidia kuvuta nyavu na kuokota samaki waliochomoka. Walipopelekwa Uingereza karne ya 19, wawindaji wakawafanya waokotaji wa ndege waliopigwa risasi, na ndege akitafunwa hana faida, kwa hiyo walichaguliwa wale wenye mdomo laini. Kennel Club ya Uingereza iliitambua aina hiyo mwaka 1903. Spanieli kazi yake ni ya kabla ya risasi: anaingia kichakani, ananusa, anamrusha ndege juu. Hata jina la koka limetokana na ndege mmoja wa vichakani aliyekuwa akiwindwa naye. Sasa chukua wawili hao uwatie ngozi moja, uwafungie Kisauni, ukuta wa kiunoni, jirani ana kuku tisa. Siku ile Kaimati hakukosa adabu hata kidogo. Alifanya kazi zote mbili bila kosa.

Tuliinua ukuta matofali matatu na wavu juu yake, 6,400 na fundi. Na tukampa kazi. Asubuhi kabla ya shule mwanangu humfichia dagaa wakavu sita uani, chini ya ndoo, ndani ya kiatu, mchangani, na kumwambia atafute. Dakika kumi za kunusa humchosha kuliko nusu saa ya kukimbia. Jioni tunarusha kumbi la nazi. Mipira ya dukani alikuwa akiimaliza kwa wiki. Kumbi linaelea, halikati mdomo, ni bure, likichakaa unaokota jingine. Tulimzoesha firimbi: ikilia mara mbili, anarudi, anapata kipande cha samaki. Nilijaribu pia kufoka na kiboko cha fagio, nakiri, na nilichovuna ni mbwa anayejificha chini ya kitanda akinisikia nimevua viatu. Ilinichukua wiki nyingi kuurudisha moyo wake.

Masikio ndiyo yaliyonitoa machozi. Masika yalipoingia alikuwa akiogelea kila jioni, nami najisifu. Mwezi wa tano akaanza kutikisa kichwa, pa pa pa, usiku kucha masikio yanapiga ukuta. Nikanusa: harufu ya mchele uliolowekwa ukasahauliwa. Shangazi yangu akashauri mafuta ya nazi ya uvuguvugu, nikatia. Siku ya tatu sikio la kushoto lilikuwa limevimba kama sambusa, zito, la moto. Kwa kutikisa sana mshipa ulikuwa umepasuka na damu imejaa kati ya ngozi na gegedu. Alipasuliwa, akashonwa, 8,500 pamoja na dawa za matone za wiki mbili.

Sikio la spanieli ni kifuniko. Maji yakiingia hayatoki, hewa haipiti, na kwa unyevu wetu wa Pwani fangasi hustawi humo kama kuvu kwenye mkate. Usimwagie chochote sikio linalonuka kabla daktari hajachungulia, maana kama kiwambo cha ndani kimetoboka unaweza kumharibia usikivu kabisa. Sasa akitoka baharini namsuuza kwa maji yasiyo ya chumvi, namkausha, namfuta masikio kwa dawa ya kusafishia niliyopewa, pamba juu ya kidole changu, si kijiti. Kisha namvika soksi ya zamani ya baba mtoto iliyokatwa ncha, masikio yamekunjwa juu ya kichwa ili hewa iingie. Anafanana na bibi kizee wa ushungi. Wavuvi wamemcheka wakachoka.

Kaskazi nayo ina somo lake. Februari moja nilitoka naye saa kumi jioni kwa kuwa nilitoka kazini mapema. Hatukufika mbali. Alipunguza mwendo, akaanza kuhema kwa sauti ya msumeno, ulimi mwekundu wa kuiva, kisha akaketi katikati ya njia, miguu ya nyuma imekataa. Aliyetuokoa ni kijana wa mkokoteni wa maji. Alifungua mtungi bila kuuliza, akammwagia tumboni na mapajani, akafungua wa pili. Daktari alisema tulifanya sawa, kupoza kwanza, kukimbilia kliniki baadaye. Labrador ana manyoya ya tabaka mbili, yaliyokusudiwa maji ya barafu. Sasa tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, au baada ya jua kuzama, na kabla ya kutoka naweka mgongo wa mkono kwenye lami nikihesabu hadi saba. Nikiona inaniunguza, haendi.

Kuhusu chakula nitasema haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliripoti mwaka 2016 kwamba karibu robo ya Labrador wana hitilafu ya jeni moja inayowafanya watake kula zaidi. Sijui kama wangu anayo, ila najua watoto wa mtaani walikuwa wakimlisha viazi karai na mahamri juu ya mlo wake, akafika kilo 31 na daktari alimtaka 24. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka ikawa sindano. Kupe mtafute kila siku masikioni na katikati ya vidole. Ukiona ufizi umekuwa mweupe na hataki kuamka, usingoje kesho, homa ya kupe haingoji. Na kwa kuwa mbu ndio wanaoeneza minyoo ya moyo, na mbu tunao, ana kidonge chake cha kila mwezi.

Usiku wa mwaka mpya fataki zilimrusha ukuta ule niliouinua. Siku mbili hatukumwona. Mwanangu hakula. Nilituma picha kila mahali na simu zilizokuja zilikuwa za watu wanaotaka "pesa ya mafuta" kwanza, lakini hilo nilikuwa nimeshafuzu. Kilichosaidia ni miguu. Nilitoka alfajiri wakati njia ni tupu, nikauliza walinzi wa usiku, kisha vijana wa bodaboda, kisha wachuuzi wa samaki. Mchuuzi mmoja akasema kuna mbwa wa kahawia kwenye diko la wavuvi la upande wa Bamburi, mchana kutwa yuko kando ya mizani.

Alikuwa pale kweli, amefungwa kamba ya nyavu kwenye ngalawa, ameshapewa jina jipya, Bosi. Mzee wa diko akaniambia walimfunga kwa ajili yake mwenyewe, jana alikutwa ananusa bunju, samaki wenye sumu, waliotupwa mchangani. Nilihisi magoti yanalegea. Nimezaliwa Pwani, najua bunju anaua mtu, na mwaka mzima nilikuwa namwachia mbwa huyu ufukweni aokote anachotaka. Tangu hapo amefundishwa "wacha", na karibu na madiko hutembea kwa kamba. Mzee alikataa zawadi, akadai tu thamani ya vibua vinne alivyoliwa.

Namba yangu ilikuwa kwenye mkanda wake wa shingoni, imeandikwa kwa kalamu. Bahari ilikuwa imeifuta. Fundi wa funguo mjini alinichongea kwenye kibati kwa 200.

Sasa lile kosa la tatu. Alipotimiza mwaka nilianza kuona akikimbia kama sungura, miguu ya nyuma pamoja, na akilala muda mrefu huinuka kwa shida. Eksirei 4,500. Nyonga ya kulia haikukaa sawasawa, jambo la kawaida kwa Labrador na hurithiwa. Kwake si baya sana, kupunguza uzito na kuogelea kumemsaidia, ila halitaondoka. Mzee wa Ukunda nilipomuuliza akasema wazi kwamba yule dume amekuwa akichechemea siku nyingi. Hakunificha, sikuuliza.

Mwaka wa kwanza wote, ukijumlisha na zile 9,500, bei yake, chanjo 6,000, kuhasiwa 7,000, sikio, ukuta, amana, kuku, eksirei, na 6,800 za kila mwezi za chakula na dawa za kupe na minyoo, ulinigharimu karibu 145,000. Baba mtoto nilimtajia nusu.

Juzi yule mzee amenipigia. Jike limezaa tena, na dadangu wa Malindi anataka mmoja. Nimemwambia asitume hata shilingi ya nauli. Tutakwenda pamoja watoto wakitimiza wiki nane, na kabla hatujainama chini ya mkorosho nataka kujua baba yao ni nani, kisha atolewe nje ya ua, atembee mbele yetu kwenda na kurudi. Bi Mkubwa alikuwa barazani akisikiliza. Akauliza kama huko Malindi kwa dadangu kuna jirani mwenye kuku.